Umekula Nini

Tanga, 19 Januari 2024

Daftari hili nililinunua kwa hesabu za ujenzi. Leo nimechana kurasa nne za mbele zenye bei za saruji na nondo, maana kuna mengine ya kuandika.

Kliniki wamempima mke wangu presha mara tatu. Mara ya kwanza muuguzi alinyamaza, mara ya pili akahamia mkono mwingine, mara ya tatu akatoka nje kuniita. Nilikuwa nimekaa chini ya mwarobaini na wanaume wengine wawili, kila mmoja na simu yake. Mimba ina wiki 30. Miguu imemvimba hata viatu havimwingii, alikuwa amevaa kandambili zangu. Mkojo umeonyesha protini. Muuguzi alitueleza taratibu kuwa hali hii ikiachwa huishia kwenye kifafa cha mimba. Kichwa kikimuuma sana, akiona vimulimuli, au akipata maumivu chini ya mbavu, tusingoje kukuche. Nikayaandika mgongoni mwa kadi yake palepale, mkono ukitetemeka.

Yeye amerudi kwa bajaji, mimi nyuma na baiskeli. Toka barabara kubwa mpaka mlangoni kwetu nimekutana na watu wanne. Vipi, umetoka na mama? Ndiyo. Wazima? Salama. Nyote salama? Salama kabisa.

2 Februari, Ijumaa

Binti. Saa tisa alasiri, kwa upasuaji. Gramu 1,540.

Vimulimuli vilianza Jumanne usiku. Tulipofika walimlaza, wakamchoma sindano za kushusha presha na nyingine za kukomaza mapafu ya mtoto, wakasema tukipata siku mbili zaidi tumshukuru Mungu. Tumezipata.

Mke wangu bado hajamwona mwanawe, yuko wodi nyingine na dripu. Mimi nimemwona kwa dakika tano. Yuko kwenye mashine ya joto, amevalishwa kofia iliyoshonwa kwa soksi, na paja lake halizidi kidole changu gumba. Nilimwomba muuguzi nimwadhinie. Akafungua kitundu cha kuingizia mkono, nikainama nikaweka mdomo pale, nikaadhini kwa sauti ya kupumua tu. Nilipofika kwenye shahada alikunja vidole vya mguu. Nimeandika hili ili nisije nikadhani baadaye kuwa nililiota.

Simu imepigwa na watu wengi. Mama na mtoto hawajambo? Hawajambo, alhamdulillahi.

7 Februari

Kesho narudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kama ilivyo mwaka huu wa 2024, inampa mama siku 84 zenye malipo, na 100 akizaa zaidi ya mmoja. Baba anapewa siku 3, tena azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Nimezichukua Jumatatu, Jumanne na leo. Binamu yangu aliyeajiriwa Mombasa ana wiki mbili kwa sheria ya Kenya. Ni mwendo wa basi asubuhi moja kutoka hapa, bahari ni hiyo hiyo.

Silalamikii bosi wangu, amefuata kilichoandikwa. Ila nataka iandikwe mahali, hata kama ni hapa tu: katika siku hizo tatu mke wangu hajaweza kusimama bila kushikwa, na mtoto ameshuka hadi gramu 1,430. Muuguzi anasema kushuka huko ni kawaida. Mimi kila tarakimu ya mzani naisikia tumboni.

Getini mlinzi alinizuia tena, wanaume saa kumi. Nikasimama na chupa ya maziwa aliyoyakamua mke wangu, kiasi cha vijiko viwili, nimeikumbatia isipoe. Kiongozi wa wodi alipopita akaona, akaniandikia kikaratasi cha ruhusa. Kimekunjwa ndani ya kitambulisho changu cha kazi.

Kisha akaniambia, "Baba, kesho ukitoka kazini njoo umeoga, na shati lenye vifungo. Mama bado hawezi. Utambeba wewe."

8 Februari

Nimembeba.

Kuna kichumba kando ya meza ya wauguzi, viti viwili vya kuegemea, kwa ajili ya akina baba, kwa kuwa chumba kikubwa kina akina mama walio vifua wazi. Muuguzi alisema fungua shati. Akamtoa mtoto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, akamsimamisha kifuani kwangu, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua iwe wazi. Kisha akamfunga kwangu kwa kitambaa, akakaza mpaka usawa wa sikio lake. Mpira wa kumlishia ulitokea puani ukapita shingoni kwangu. Akanionyesha cha kuangalia: rangi ya midomo, na pumzi. Njiti husahau kupumua. Akisahau, msugue mgongo kidogo, akiendelea hivyo niite.

Nilikaa saa tatu sikujikuna. Pumzi yake ilikuwa inakwenda mbio, inasita, nami nasita nayo, kisha inarudi. Baada ya muda mrefu nikahisi unyevu kifuani, nikadhani amekojoa. Lilikuwa jasho, langu na lake.

9 Februari

Mama mkwe amefika kutoka Lushoto na basi la asubuhi. Amekuja na ndizi, maharage, na furushi la kanga.

Sikumtarajia kule kichumbani. Alikuwa ameleta maziwa kutoka wodi ya binti yake, akasukuma mlango, akanikuta nimeegemea kiti, shati wazi mpaka kiunoni. Sisi hatujawahi hata kula sahani moja. Nikiingia sebuleni kwake hukaa karibu na mlango. Aligeuza uso, akatoka. Sikuweza kuinuka wala kufunga shati, mtoto amefungwa kwangu. Nilijua kesho hataingia tena, na mke wangu atakosa mtu wa kupeleka maziwa.

Akarudi baada ya dakika chache na kanga moja. Akafunga pembe moja kwenye nondo ya dirisha, pembe nyingine kwenye stendi ya dripu, ikawa pazia kati yetu. Akavuta stuli akakaa upande wake. Nikaona miguu yake tu chini, na vumbi la safari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekula nini jana usiku?"

Nilifungua mdomo kusema salama. Nikakwama, kwa sababu swali hilo halijibiwi kwa salama. Nikatafuta jana usiku nilikula nini, nikakuta sikula. Juzi nilikula andazi.

"Sikula, mama."

"Na asubuhi?"

"Chai."

Hakusema pole. Alisema, "Kesho kutakuwa na chakula kwenye bakuli la bluu kwa muuguzi. Ule kabla hujambeba. Mtoto anaota moto kwako, sasa wewe moto unautoa wapi?"

Kisha akaendelea kuuliza kupitia kanga. Kichwa kimegeukia wapi? Dirishani. Anapumua? Anapumua. Akanisimulia mwanawe wa pili, aliyezaliwa Lushoto mwezi wa baridi. Wakati huo hawakuwa na neno njiti, walisema mtoto wa miezi saba. Yeye na mama yake walimweka kifuani kwa zamu usiku na mchana, moto wa mafiga karibu, wiki nyingi, bila mtu wa hospitali kuwafundisha. Mwanamume hakuruhusiwa kukanyaga chumba kile. "Baba yake alikuwa anakaa nje anapasua kuni," alisema. "Kuni nyingi mno. Hata mvua ilipokuja alikuwa anapasua. Sikumwelewa mpaka leo nilipokuona wewe."

11 Februari, usiku

Leo ilikuwa fainali ya AFCON, Ivory Coast na Nigeria, mpira ulianza saa tano. Zamu yangu ya kubeba ni ya usiku. Mzee wa zamu pale ghalani ninakofanya kazi amekubali kubadilishana nami wiki mbili nzima. Nilipomwomba hakuuliza sababu. Alisema tu, usiku wewe huko, alfajiri mimi nakufungulia lango.

Kiti cha pili anakaa mvuvi wa Kigombe mwenye mapacha wa kiume. Mmoja anambeba yeye, mmoja mkewe. Siku tatu tumesalimiana: habari za leo, nzuri, za wadogo, wanaendelea. Ni mtu mpole mwenye mikono iliyokatwakatwa na nyuzi za nyavu, na hujipaka mafuta ya nazi viganjani kabla ya kumshika mwanawe asimkwaruze.

Kati ya saa sita na saa saba umeme ulikatika. Mwezi huu mgao unakwenda unavyotaka. Jenereta haikuwaka mara moja. Ile milio midogo ya mashine za joto ikazima yote, na kimya chake kilitisha kuliko kelele. Tukawasikia wauguzi wakikimbia, wakimtoa mtoto mmoja mmoja, wakiwaita akina mama waamke wafungue vifua. Sisi wawili tulikuwa gizani, tumekwisha kufunga wetu. Wa kwangu hakujua kuwa umeme umekatika. Joto lake halikubadilika.

Toka banda la video nje ya ukuta, lenye jenereta yao, likaja yowe la goli. Mvuvi akanong'ona, "Nani?" Nikasema sijui. Basi nikamuuliza lile swali la mama mkwe, nikiwa simwoni uso. "Wewe leo umekula nini?"

Alikaa kimya mpaka nikadhani nimemkosea. Kisha akasema siku nane hajaenda baharini, kwa hiyo hana samaki wala fedha, anamwachia mkewe chakula cha wodi. Akasema anaogopa kulala kwa sababu mdogo wa mapacha huacha kupumua mara nyingi zaidi usiku. Akasema, na sauti ikamkatika hapo, kuwa ndugu zake wanamwambia arudi majini, mwanamume anafanya nini wodini.

Sikuwa na la kumjibu. Bakuli la bluu lilikuwa na wali na maharage nusu, nililiacha nile baadaye. Umeme uliporudi tulikula kwa zamu, mkono mmoja kwenye bakuli, mmoja mgongoni mwa mtoto.

Muuguzi alipotulia alikuja kutupima joto la watoto. Akatuambia njia hii ilianzia mahali palipokuwa na shida kama yetu. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey alikuwa na njiti wengi kuliko mashine, akaanza kuwafunga vifuani mwa mama zao. Leo Shirika la Afya Duniani, tangu mwongozo wake wa 2022, linataka mtoto wa aina hii aanze kubebwa mara anapozaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku, hata pale penye mashine. Mvuvi akauliza, na kifua cha baba je? Muuguzi akamwonyesha kipimajoto: 36.8.

15 Februari

Mzee wangu amepiga simu kutoka Pangani. Nilimweleza ninachofanya. Akanyamaza, kisha akasema hizo ni kazi za wanawake, mimi nitafute fedha. Niliumia. Nilikuwa nimengoja simu yake siku kumi na tatu.

Jioni utingo wa basi akanipigia nikachukue mzigo stendi. Kifurushi cha gunia, ng'onda waliokaushwa vizuri, na kikopo cha asali. Hakuna barua. Jina langu limeandikwa kwa mwandiko wake, herufi moja moja. Nusu ya ng'onda nimempa mvuvi, akawatazama, akawataja kwa aina, akacheka kwa mara ya kwanza.

Uzito leo: 1,560. Amevuka alipozaliwa.

24 Februari

Nyumbani! Gramu 1,850. Ananyonya mwenyewe, mpira wametoa. Mke wangu anatembea. Mama mkwe amemwandalia chumba, maji ya moto ya kumkanda, uji wenye pilipili manga. Mapacha wa mvuvi bado wako wodini. Niliaga nikiwa na aibu ya mtu anayetoka mvuani na kumwacha mwenzake.

29 Februari

Kuna jambo nyumbani. Mke wangu hulia akinyonyesha. Halii kwa sauti, machozi yanashuka tu mpaka kwenye kofia ya mtoto. Akimaliza humkabidhi kwa mtu yeyote aliye karibu na kugeukia ukutani. Halali hata mtoto akilala. Majirani wakija hukaa, hutabasamu, hujibu salama kwa sauti safi kabisa, wakiondoka anazima.

Jana usiku sikumuuliza hujambo. Nilimuuliza, "Ukiwa umegeukia ukuta, unaona nini?"

Alijibu baada ya muda mrefu. Anaona siku nane za mwanzo ambazo hakumbeba. Alisema, "Wewe anakujua. Mimi ananijua kwa maziwa tu." Akasema mikono yake anaihisi ya mtu mwingine.

Nilikuwa na fahari na kile kifua changu. Sikujua kuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo fahari yangu inamchoma mtu.

1 Machi

Mahudhurio ya siku ya 28. Nimeomba ruhusa ya nusu siku, nikaingia naye ndani. Nilimwomba kwanza mke wangu niseme, akaitikia kwa kichwa. Muuguzi alipouliza mnaendeleaje nikasema hatuendelei vizuri. Sijawahi kutamka maneno hayo mbele ya mgeni.

Akafunga mlango. Akamuuliza mke wangu mambo madogo madogo: unacheka kwa yale uliyokuwa ukiyachekea? Unalala mtoto akilala? Unajilaumu? Umewahi kufikiria kujidhuru? Hilo la mwisho lilinikata pumzi. Alijibu hapana, akilia. Muuguzi akatueleza kuwa machozi ya wiki mbili za kwanza huwajia akina mama wengi na hupita yenyewe. Yakivuka hapo ni ugonjwa, unaitwa sonona, una tiba. Na mwenye mtoto njiti yuko karibu nao zaidi. Amempangia mshauri wa afya ya akili kila Alhamisi.

Kisha akanigeukia. "Na wewe, jana ulilala saa ngapi?" Nikamwambia ukweli. Akaandika.

Jioni mama mkwe alinisikiliza kwa makini nilipomweleza, mimi mlangoni, yeye jikoni. Nilihofia atasema ni jicho la watu. Alikuna nazi mpaka ikaisha, ndipo akasema, "Basi mtoto arudi kifuani. Safari hii kwa mama yake." Akatoa ile kanga ya pazia.

Sasa mke wangu hukaa kitandani saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, mtoto amefungwa kwake ngozi kwa ngozi. Mimi nimepewa kazi ya kufunga fundo, kwa sababu nalijua.

12 Machi

Ramadhani imeingia, na arobaini imetimia. Mbuzi mmoja wa akika, kwa kuwa ni binti. Tulichelewesha kwa sababu siku ya saba alikuwa na mpira puani. Mke wangu ndiye aliyechagua jina, jina la mama yake. Mimi jina la mkwe sitalitamka, kwa hiyo ninamwita mtoto Somo, na nyumba nzima imefuata.

Alhamisi moja imepita ya mshauri. Kulia hakujaisha. Jana alicheka, mtoto alipopiga chafya kwa nguvu akajishtua mwenyewe. Sikugeuka kumtazama, niliogopa kukiharibu kile kicheko.

Mvuvi ametoka na mapacha wote wawili. Alinipigia akiwa ndani ya mashua, upepo umejaa kwenye simu. Nilisikia nusu ya maneno. Nililosikia vizuri ni kwamba usiku yeye hubeba mdogo, mkewe mkubwa, na ndugu zake sasa humletea kuni.

Mama mkwe ameondoka asubuhi baada ya sala. Kanga ameiacha. Kwenye bakuli la bluu aliniwekea futari ya leo, limefunikwa kwa sahani.

24 Aprili

Pale ghalani kuna kijana wa kupakia magunia, mkewe ana mimba ya miezi minane. Asubuhi nilimuuliza vipi nyumbani, akasema salama, kaka. Akainua gunia.

Wakati wa chai nikamfuata kwenye kivuli cha lori. "Jana usiku ulikula nini?"

Alinitazama kama niliyemdai. Akasema, "Kwa nini?" Nikasema nauliza tu. Akatazama viatu vyake.

"Hatukupika," alisema. "Ameshinda kalala, kichwa kinamuuma. Anasema anaona vitu vinamulika."

Nilimshika mkono palepale. Mzee wa zamu alitufungulia lango bila kuuliza, nami nikampakia nyuma ya baiskeli mpaka kwake. Saa saba mkewe alikuwa amelazwa. Kijana nimemwacha chini ya mwarobaini. Nimemwachia kikaratasi changu cha ruhusa. Kimechakaa na tarehe imepita, lakini mlinzi ananifahamu.

Kesho Alhamisi. Mke wangu mshauri saa tatu, Somo mzani. Nisisahau kadi zote mbili. Nipitie wodini na bakuli.